Mkono Uliokufa Nao Huuma

Mafuta ya ufuta yakipashwa moto na karafuu, na ndani yake zikatiwa punje za kitunguu saumu zikakaangika mpaka zikawa nyeusi, hutoa harufu ambayo haitoki nguoni kwa siku mbili. Kwetu Mambrui ilikaa mwaka mzima. Kila asubuhi baada ya chai mama aliyaweka kwenye kijikaango juu ya makaa, na harufu ikaanza safari yake: ukumbini, chumbani, uani, hadi kwa majirani. Ilishika mapazia, ikashika mito, ikashika nywele zangu, hata wenzangu wa chuo cha Kurani wakaniita Karafuu, na wako wawili watatu ambao mpaka leo tukikutana soko la Malindi huniita hivyo mbele za watu. Wengine wakisikia karafuu hukumbuka pilau. Mimi hukumbuka mkono wa kuume wa nyanya yangu, Bi Mwanakheri, ulivyokuwa ukilala juu ya paja lake kama mtoto wa mtu mwingine aliyepewa amshikie mara moja, na mwenyewe asirudi kumchukua.

Nyanya huyu ni mzaa baba. Wazee wake walitoka Pate, na hakuacha kutukumbusha, hasa akiona tumekaa vibaya au tumekula tukitoa sauti. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilitosha kumwita mtu aliye upande wa pili wa msikiti. Cheo chake mjini kilikuwa kuonja chumvi. Msicheke, kilikuwa cheo. Wakati ule arusi ikipikwa uani, na nyama imeiva kwenye sufuria kubwa, mchele haukutiwa mpaka mwanamke mmoja mtu mzima ambaye ulimi wake unaaminika aletewe supu kwa upawa, amwagiwe matone kiganjani, alambe, anyamaze, kisha aseme. Akisema "bado," chumvi huongezwa. Akisema "tia," mchele hutiwa, na tangu hapo hakuna wa kumlaumu mpishi. Mpishi alikuwa Bi Zuhura, shoga yake tangu wakiwa watoto, mwanamke mrefu mwembamba mwenye maneno ya pilipili. Kwa miaka mingi hao wawili walitoleana maneno kwenye kila arusi ya Mambrui, na wako waliokuja mapema si kwa kusaidia kumenya vitunguu bali kusikiliza. Mwaka mmoja Bi Zuhura aliunguza pilau ya watu wa Gongoni, lakini hiyo ni hadithi nyingine na jamaa zake bado wako hai, basi niiache.

Ugonjwa ulimpata asubuhi, mwaka wa themanini na nne au na tano. Miaka naichanganya, ila nakumbuka ilikuwa enzi za maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, maana siku ile nilimletea yangu na hakuweza kuyanywa. Alikuwa anapeta mchele kwenye uteo. Mama alisikia uteo umeanguka, akapiga kelele akidhani ni paka, na alipotoka akamkuta nyanya ameketi vile vile, mchele umemwagika mpaka mlangoni, mdomo umekwenda upande, na macho yake yanauangalia mkono wa kulia kama anayemwangalia mtumishi aliyekataa kutumwa. Kiharusi. Akapelekwa hospitali ya Malindi, akakaa majuma matatu. Daktari akasema tushukuru, mguu utarudi, ulimi utarudi, mkono tuusubiri. Na kweli, mwezi wa nne alikuwa anatembea kwa bakora, mguu mmoja ukifuta sakafu. Ulimi nao ukarudi, mzito kidogo, lakini ukali wake wote ukiwamo. Mkono ndio tuliousubiri.

Watu husema mimi nilitolewa shule kumtunza nyanya. Si kweli, na kwa kuwa wanaosema hivyo wananisifu nimekuwa nikinyamaza. Nilishindwa na hesabu nikiwa darasa la tatu, nikafurahi kupata sababu. Kazi yangu nyumbani ilikuwa moja, nami niliiona kubwa kuliko shule: nilikuwa mnyanyua mkono. Nieleze vizuri. Kwetu mtu haamkiwi kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto una kazi zake na kila mtu anazijua, na kumpa mgeni mkono huo ni afadhali umfungie mlango. Nyanya mkono wake wa kulia hauinuki, na wageni wanakuja kumjulia hali, wanawake tu, kutwa nzima, kila mmoja anaingia na mkono umetangulia mbele. Basi akanikalisha upande wake wa kulia akaniambia, "Wewe ndiwe mkono wangu." Mtu akisema "Shikamoo Bi Mwanakheri," nami naukamata mkono wa nyanya kwenye kifundo, nauinua juu, naupeleka mpaka kwenye kiganja cha mgeni. Mgeni anaushika, anaubusu, anautikisa. Wengine kwa mapenzi wanauvuta kifuani kwao na kukaa nao hivyo mpaka dua iishe, na kuna wanawake wa Mambrui walioomba dua ndefu. Nyanya anajibu, "Marahaba, Alhamdulillahi, hatujambo." Siku za mwanzo nadhani nilinyanyua mara thelathini kwa siku. Nilijiona kama mwenye kuongoza msafara.

Sikuona alivyokuwa akiuma mdomo. Niliona lakini sikuona, kama mtoto anavyoona. Niliuona mto wake upande wa kulia umelowa asubuhi nikasema ni jasho. Nilimsikia akimwambia mama kwamba ndani ya bega kumewekwa kijinga cha moto na hakizimiki, kikilala mchana huamka usiku, na mama akajibu kwa upole, "Ni damu inarudi, mama, vumilia," kisha akachovya mikono katika mafuta ya karafuu na kuuvuta ule mkono kwa nguvu zaidi, kuunyosha, maana ndivyo alivyofundishwa kwamba mkono uliolala huamshwa. Wageni nao walistaajabu. Mmoja alisema mbele yangu, "Lakini mkono uliokufa unaumaje?" Swali zuri, na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa hiyo wote wakakubaliana kwamba hauumi. Wengine walinong'ona mambo ya shetani. Wengine wakasema anadeka, kazoea kuenziwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki alilalia yeye peke yake, katikati ya watu waliompenda.

Basi akaanza kulala. Akisikia hodi mlangoni huniangalia, nami natoka nje ya pazia nasema, "Nyanya amelala." Mara ya kwanza nilidhani kweli amechoka. Mara ya tatu nilikuwa nimeelewa, na nakiri nilipenda, kwa sababu nyanya akilala mimi niko huru kwenda kucheza kibe. Nilisema "amelala" asubuhi, nilisema "amelala" alasiri, nilisema kwa wanawake waliotoka Malindi na kutembea kwa miguu kuanzia daraja la Sabaki. Mgeni akiambiwa mara tatu amelala, ya nne haji. Hajakasirika, la, ameona tu kwamba hahitajiwi. Baraza letu lililokuwa na viatu vya wanawake mpaka ngazini likabaki na vyetu. Bi Zuhura alistahimili kuliko wote. Mara ya nne alisimama mlangoni na sahani ya mkate wa sinia imefunikwa kwa kitambaa, akanitazama mpaka nikaangalia chini, akasema kwa sauti ya kufika ndani, "Mwambie akiamka kwamba hata maiti hulazwa siku moja tu, ya pili huzikwa." Akaweka sahani akaenda zake, na hakurudi. Nyuma ya pazia nyanya alikuwa amesikia kila neno. Ule mkate hakuugusa. Niliula mimi.

Hapo ndipo ilipokuja arusi ya shangazi Rukia, kitinda mimba wa nyanya, na nyumba yote ikajua kwamba jambo hili sasa lina siku yake. Arusi ilipangwa baada ya Idi. Wageni watoke Mombasa, watoke Takaungu, wanawake mia mbili uani kwetu, na nyanya akasema yeye hatatoka chumbani. "Mniwekee sahani, nitakula ndani," alisema. Mama akambembeleza. Baba naye akaja, akasimama mlangoni akikunakuna kichwa, akaondoka. Nyanya akasema, "Wanawake mia mbili wataunyosha mkono huu mmoja mmoja. Ikifika jioni utakuwa umetoka, mtautafuta chini ya jamvi." Akaongeza neno la pili, polepole, "Na kwenye sinia nitatia mkono gani?" Mwalimu wa chuoni alikuwa ameshatuma neno kwamba mwenye udhuru hana lawama, ale kwa mkono alio nao. Lakini ruhusa ya mwalimu ni moja, na macho ya wanawake waliozunguka sinia ni mengine. Shangazi Rukia alilia siku mbili. Alisema arusi ambayo mama yake yu hai na hayuko uani si arusi, ni mkutano, na kama ni mkutano yeye hahudhurii. Alikuwa na kichwa kigumu cha nyanya yule yule, na mama akaanza kuogopa kwamba atafanya alivyosema.

Aliyetutoa hapo ni Bi Kadzo wa Marafa. Huyu alikuwa mkulima, Mgiriama, mwanamke mnene wa mikono mikubwa, aliyetuletea kunde, mbaazi na mahindi tangu kabla sijazaliwa. Yeye na nyanya walifanya biashara ya kugombana nusu saa kwa kila pishi na kisha kunywa chai pamoja saa moja. Msimu ule shamba lilikuwa limembana miezi mingi, na habari za ugonjwa alizipata njiani siku ile ile aliyokuja. Nikasimama mbele ya pazia nikamwamkia, nikasema maneno yangu.

"Amelala," akasema Bi Kadzo. Akainama akatazama chini ya pazia. "Amelala saa nne ya mchana, na miguu inatafuta viatu?"

Akaingia. Akatua kikapu, akaketi mkekani, akamtazama nyanya. Nami, kwa kuwa kazi ni kazi, nikaukamata mkono kwenye kifundo nikauinua kumpelekea. Wageni wengine wote walikuwa wakiuangalia mkono ukija. Bi Kadzo aliangalia uso.

"Weka," akaniambia.

"Bibi, ni wa salamu."

"Nimesema uweke. Polepole. Siyo hivyo unavyouning'iniza, shika kiwiko. Mwanangu, unamuua huyu."

Nyanya akasema haraka, "Nimemtuma mimi." Lakini machozi yalikuwa yameshamtoka jicho moja, lile la upande mzima.

Bi Kadzo akamwita mama, akasimulia kwamba kaka yake, mgema, alipatwa na ugonjwa huu huu, na mkewe kwa kumpenda alikuwa akimwinua kitandani kwa kumvuta mkono kila asubuhi, mpaka bega likaachana. "Mkono huu haukufa," akasema. "Umevunjika kama kuti. Umeliona kuti lililovunjika likabaki linaning'inia mnazini kwa uzi mmoja? Ukilivuta halitoki, linachuna gome la mnazi. Njoo utie kidole hapa." Mama alikuja akatia kidole juu ya bega la nyanya, kwenye ncha yake. Palikuwa na bonde. Vidole viwili viliingia. Akagusa bega la kushoto, hakuna bonde. Akarudi la kulia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na hakulia. Alikwenda jikoni akachukua kijikaango cha mafuta akakimwaga chote kwenye majivu, kisha akakaa pale pale kwenye kibao cha mbuzi ya nazi mgongo umetuelekea. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya kuni. Nilikuwa nahesabu, mimi niliyeshindwa na hesabu: mara thelathini kwa siku, kwa siku ngapi. Sikufika popote. Mama aliniita nikune nazi, nikatoka, na maisha yakaendelea, lakini hesabu ile mpaka leo hunijia.

Bi Kadzo alifungua leso yake ya kiunoni, akabaki na ya ndani, akaukunja mkono wa nyanya kifuani na kuuning'iniza vizuri katika leso, fundo likakaa bega la pili. Chini ya kiwiko akatia mto mdogo. Nyanya akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani baada ya safari. Nisiseme uongo, maumivu hayakwisha. Yeye mwenyewe alisema kijinga kimekuwa kaa, na kaa limefunikwa jivu. Ila kaa lililofunikwa jivu mtu anaweza kukaa nalo.

"Sasa watu wataniamkia wapi?" akauliza.

"Kichwani. Kichwa si unacho?"

"Wataniona najivuna."

"Na wewe si unajivuna? Tangu nikujue, hata pishi ya kunde unainunua kama unanipa sadaka."

Nyanya akacheka. Kicheko chake kilikuwa kimekwenda upande kama mdomo wake, na tulikuwa hatujakisikia tangu siku ya uteo, kwa hiyo hatukukitambua mara moja.

Siku ya arusi ilikuwa ya jua zuri. Watu wa Mombasa walichelewa kivukoni Kilifi, wakati ule daraja halijajengwa, na baba alikuwa akitoka barabarani kila dakika kuwaangalia kana kwamba kutazama kutawavusha, mpaka wakaingia. Uani vitunguu vilikuwa vimeshakaangwa, nyama inachemka, wanawake wametandaza majamvi mpaka ukutani. Nyanya akatoka. Amefungwa leso mpya ya rangi ya machungwa, bakora mkono wa kushoto, mimi nyuma na mto wake. Wanawake wakainuka wakamjia, kila mmoja mkono umetangulia kama desturi, na mikono ile ikifika mbele yake ikaikuta leso imefungwa, hakuna cha kushika. Ikabaki inaelea. Mmoja akambusu kichwani. Mwengine akamgusa bega, la kushoto, Mungu amjaalie. Mwengine, mgeni wa Mombasa, akarudi kuketi akanong'ona, nami nikasikia, "Hata mkono hatoi."

Bi Zuhura alikuwa mekoni pale uani, mbele ya sufuria, jasho linamtiririka, hakugeuka. Alisema tu, "Mwacheni. Ameamka leo, miezi minane alikuwa amelala." Uwanja mzima ukacheka. Nyanya hakucheka. Akaenda taratibu, mguu unafuta mchanga, mpaka kwenye kiti chake cha siku zote karibu na moto, akaketi. Na wote tukajua kinachofuata, kwa sababu nyama ilikuwa imeiva.

Bi Zuhura alichota supu kwa upawa. Kulikuwa na mwanamke mwengine, wa makamo, ambaye kwa ile miezi minane ndiye aliyeonja kwenye arusi mbili tatu, naye alikuwa ameshanawa mikono na kusogea mbele kidogo, kwa adabu. Bi Zuhura akamtazama huyo, akamtazama nyanya, akasimama na upawa unatoa moshi. Supu huonjwa kwa kiganja cha kulia, na cha kulia kimelala ndani ya leso ya machungwa. Mimi nilipiga hatua. Mazoea mabaya, mikono yangu ilikuwa imeshatangulia kwenda kukinyanyua. Nyanya akaniangalia mara moja, nikasimama. Akaegemeza bakora ukutani. Halafu mkono wa kushoto ukatoka chini ya leso yake ya kichwa, ukaenda mbele za watu, ukafunguka. Nakwambieni watoto waliokuwa wakilia waliacha. Mkono ule ulibaki pale peke yake, mbele ya wanawake mia mbili, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mfungo wa Ramadhani.

"Kiganja ni kiganja," akasema Bi Zuhura, akamimina. "Onja, watu wana njaa."

Nyanya akalamba. Akafumba macho. Akanyamaza kunyamaza kwake kwa zamani, kule kwa kuwatesa wapishi.

"Bado," akasema. "Na maji umezidisha. Miezi minane nimelala, nawe hujajifunza kupika?"

Bi Zuhura akawageukia wanawake. "Mwaona? Huyu ulimi wake haukupooza."

"Ulipooza," nyanya akajibu, neno kwa neno kwa ule ulimi mzito. "Ulisikia wewe unapika peke yako, ukaamka."

Kicheko kile kilisikika kwa wanaume barazani, na baba akaja mbio kuuliza kuna nini. Chumvi ikaongezwa. Na sasa niwaambie ukweli ambao siku ile hakuna aliyeusema: pilau ile ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Ulimi wa nyanya ulikuwa umerudi na maneno yake yote, ila kipimo chake kilibaki njiani. Watu walikula, wakanywa maji, wakaomba kachumbari, wakanywa maji tena, na mtungi wetu ulikwisha kabla ya alasiri. Yule wa Mombasa alisema pilau ya Mambrui ina utamu wake. Kwenye sinia nyanya alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, upande wake, akiwa katikati ya Bi Zuhura na Bi Kadzo, na kila mtu alishughulika na tonge lake. Shangazi Rukia alipoletwa kumwamkia aliinama akambusu utosini, akakaa hapo na pua imezama kwenye leso ya mamake mpaka akakumbushwa kwamba bwana arusi anangoja.

Tangu siku ile nyanya aliendelea kuonja, na Bi Zuhura, nilikuja kuambiwa na yeye mwenyewe uzeeni, alianza kupunguza chumvi makusudi, ili "bado" ya shoga yake iwe na mahali pa kuingia. Alifanya hivyo arusi zote za miaka iliyobaki, na hakumwambia mtu. Nyanya naye sijui kama alijua. Namdhania alijua. Bega halikupona. Siku za mvua za masika lilimtesa hata akatukana wasio na makosa. Lakini alikwenda nalo matangani, alikwenda nalo maulidini, alikwenda nalo kwa Bi Kadzo huko Marafa juu ya gari la mahindi akakaa siku tatu, na mimi nyuma na mto. Akiulizwa vipi mkono, husema, "Unauma, na wewe je, watoto hawajambo?" Viatu vikarudi barazani. Alipokufa, miaka sita baadaye, waliokuwa wakimwamkia kichwani walikuja wote, na jeneza lilipotoka wanawake walijaa mpaka barabara ya Malindi.

Siku hizi mambo mengi yamekuwa bora, nami si katika wale wazee wa kusema kila cha zamani kilikuwa asali. Jirani yangu Saumu, tuliyesoma naye chuo kimoja, alipatwa na ugonjwa huu mwaka juzi. Alikuja binti wa hospitali, mdogo kama mwanangu wa mwisho, akatufundisha siku ya kwanza kabisa jinsi ya kuushika mkono, jinsi ya kuulaza, na hakuna aliyemuuliza Saumu mkono uliokufa unaumaje. Kuna dawa za kutuliza. Kuna kitanda kinachojikunja walichomletea wanawe walioko Uarabuni. Nyanya angevipata hivyo angewashukuru watu wa sasa, nami nawashukuru kwa niaba yake. Lakini baraza la Saumu lina viatu vyangu tu. Watu wanamjulia hali kwa simu, wanamtumia maua ya picha na dua za kuandikwa, naye anazisoma zote, anajibu kwa kidole kimoja, na jioni anakuwa ameongea na watu arobaini na hajamwona hata mmoja. Si kwamba hawampendi. Hata wale wa zamani walimpenda nyanya, wakamvuta bega.

Basi mimi, kwa kuwa sina kazi na miguu bado ipo, nimejipa mazoea. Panapokuwa na shughuli namfuata kwa tuktuk, tunampakia mimi na dereva, kiwiko kimeshikwa, twenda. Alhamisi iliyopita tulikwenda arusini Gongoni. Barabara ina mashimo, na kwenda alilia bega njia nzima, akanilaumu mimi, dereva, na serikali. Kule alikaa, akapokewa, akasengenya kidogo, akala. Kurudi alilia bega njia nzima tena, kwa sauti zaidi. Tulipofika kwake, dereva amezima gari na mimi ninamzunguka nimshushe, akanishika leso kwa mkono wake mzima, akaniuliza arusi ya Jumapili ni ya nani.